Miguu Mlangoni kwa Mwalimu

Wenzangu wakimkumbuka bibi yangu husema alikuwa mwalimu wa wito, mama wa watu, taa ya kijiji kizima cha Kakese. Sawa, ni kweli yote. Mimi nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni miguu. Miguu ya watu wazima, yenye funza, imepangwa mlangoni mwa darasa kama mihogo iliyooza, na yeye amekaa kwenye kigoda, pini mkononi.

Alikuwa amestaafu shule ya msingi, ila kustaafu kulimshinda. Kila siku saa kumi na moja jioni alifungua chumba kimoja cha shule ileile akatufundisha sisi tuliolikimbia darasa utotoni. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nina ndevu tayari, na mwalimu wangu ndiye bibi ninayekaa naye. Nyumbani aliniita "mume wangu". Darasani aliniita "wewe wa nyuma".

Sheria yake ilikuwa moja: huingii na funza. Sakafu ilikuwa vumbi tupu, chaki ikidondoka unaipata msimu unaofuata, na funza wa vumbi lile walikuwa na afya kuliko wanafunzi. Basi unavua kandambili, unaweka mguu pajani mwa mwalimu. Anachomoa pini aliyoichomeka kwenye kola, anaipitisha kwenye moto wa kiberiti, anachokoa. Kifuko cha mayai kinatoka, cheupe, kimetuna kama punje ya wali, anakitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Akimaliza miguu yote anaichoma pini tena, halafu anajichokolea nyama kwenye jino.

"Bibi!" nilipiga kelele siku ya kwanza.

"Mwalimu," alinisahihisha. "Na moto hauachi kitu. Andika, hiyo ni sayansi."

Nilienda kutapika nyuma ya darasa. Mwenzetu mmoja, mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko herufi alizozijua, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mayu," alimwambia bibi, yaani mama kwa lugha yao, ingawa umri wao haukupishana sana, "huyu mjukuu wako ulimlea kwa maziwa ya kopo? Funza natolewa mimi, kutapika anatapika yeye!"

Ilipobaki miezi miwili nifanye mtihani wa maarifa, ambao bila huo nisingepokelewa masomo ya sekondari ya jioni, bibi akaanza kuchechemea. Akachelewa darasani, kisha akakosa siku mbili, kisha akaniambia, "Mume wangu, darasa nalifunga. Mwili umekataa."

Tukaambizana kuwa ni uzee. Alishinda na raba za turubai miguuni tangu alfajiri mpaka anazima taa, tukaona ndiyo heshima ya ualimu.

Wiki hiyohiyo nyumba ikaanza kunuka. Siyo kunuka kwa mchezo. Nzi walikuja mpaka wa kutoka Ikola ziwani, wameacha dagaa wao huko. Nikajua kuna panya kafia ndani. Nikatoa nje magunia ya mpunga, nikatoa masufuria na sanduku la bati, sioni kitu. Mwisho nikapiga magoti kando ya kitanda, bibi amekaa juu yake, nikaingiza kichwa uvunguni. Harufu haikuwa uvunguni. Ilikuwa karibu na sikio langu.

"Bibi, vua raba."

"Toka huko, kaniletee maji ya kunywa."

"Mwalimu, vua raba. Huingii na funza."

Alifungua kamba za raba moja, akaivua. Kisha akanyoosha mguu.

Soksi ilikuwa imegandana na ngozi kwa usaha. Vidole vilikuwa vimetoboka kama masega ya nyuki na kisigino kilikuwa kinatepeta. Macho yake hayakuwa yanaona tena vitu vya karibu, na kiuno hakikunjiki. Kumbe miezi yote ile alikuwa anatutoa funza kwa kupapasa.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Hao ninaowazuia mlangoni kwa funza?"

Hapo kinyaa kikanigeukia mwenyewe. Mijitu mizima ilimbwagia miguu pajani kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ya kwake. Mimi nilikula ugali wake kila siku, na nililoliona ni kwamba siku hizi ugali unachelewa.

Nikachemsha maji ya chumvi, nikachomoa pini kwenye kola yake. Nilichokoa tangu mchana mpaka ng'ombe wanarudi zizini, nimefunga pua kwa kanga yake, machozi yananitoka, na bado sikuwamaliza.

"Saba mara nane?" aliniuliza, mguu ukiwa mkononi mwangu.

"Bibi, nitatapika."

"Tapika ukishajibu. Na punguza nguvu, huchimbi mhogo."

Usiku ule alipakua wali. Niliusogeza pembeni, na nikaendelea kuusogeza karibu miaka miwili, hadi watu wa Mpanda wakahisi nimerogwa.

Kesho yake jioni aliniagiza niwaite wenzangu, nikampakia kwenye baiskeli mpaka shuleni. Nilitaka tupite kimya tuingie ndani. Yeye akaniamuru niweke kigoda palepale mlangoni, akakaa, akafungua vitambaa nilivyomfungia vidonda, mbele ya wote.

"Leo mnaanza na mimi. Nani ana macho mazuri?"

Watu walirudi nyuma. Mama mmoja aliziba pua kabisa, bila aibu. Yule mfugaji akatema mate pembeni, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti vumbini.

"Lete pini, Mayu. Ila kwa jino lako leo utafute kitu kingine."

Bibi alicheka mpaka mguu ukatikisika. Tuliingia darasani jua likikaribia kuzama, tukasoma hesabu za kugawanya.

Hakulifunga darasa, na mtihani nilifaulu. Mpaka mwaka aliofariki, mguu wa kwanza kukaguliwa mlangoni ulikuwa wake, na mimi niliukagua nikiwa nimeziba pua.