Makapi ya Mahindi ya Mzee

Mzee wangu alikuwa na tumbo la kudeka. Ganda la hindi likimwingia, nyumba nzima hatulali. Kwa hiyo tangu aliponioa akanileta huku Kiritiri, nilimtwangia mahindi kwenye kinu mpaka ganda litoke, nikapepeta, makapi nikawamwagia kuku. Yeye alikuwa akiketi pale mlangoni akiuliza, "Bado?" Nami nikimjibu, "Bado kidogo."

Alipofariki, miaka ile ya tisini, watoto wetu walirudi Nairobi baada ya matanga. Mimi nikaendelea kutwanga. Kwa nani? Hata sijui. Nikichoka nilikunywa chai ya sukari nyingi na chapati ya mafuta, basi, siku imeisha.

Kisha ubavu wa kulia ukaanza kuniuma. Hospitalini nilipigwa picha ya tumbo, na daktari, msichana wa juzi tu, akaniambia ini langu limejaa mafuta.

"Ini? Mimi hata muratina sijawahi kuonja!"

"Si pombe peke yake, mama. Mahindi unayapikaje?"

Nikamweleza kwa maringo.

"Na makapi?"

"Ya kuku."

Alicheka sana. "Basi kuku wako wanakula vizuri kuliko wewe! Tumboni kuna vijidudu vinavyotusaidia, na chakula chao ndicho hicho unachomwaga. Ukivinyima, hata ini linaumia. Usikoboe tena, na sukari upunguze. Ini likishakuwa gumu, sitakuwa na la kukufanyia."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikachemsha mahindi na maganda yake, pamoja na mbaazi, nikatafuna mpaka taya zikauma. Tumbo lilinguruma wiki nzima, lakini hilo nilivumilia. Lililonishinda ni kimya cha ule ua. Moto unawaka, sufuria inachemka, mikono yangu haina kazi, na pale mlangoni hakuna mtu. Nililia, sitaficha.

Jumamosi nikaburuta kinu nje. Nilitwanga mpaka mabega yakawaka moto, nikapepeta kama zamani. Kuku wakaja mbio, wakanizunguka miguuni.

"Leo hamna chenu," nikawaambia.

Nikamimina mahindi sufuriani, kisha makapi juu yake, yote. Nikafunika, nikaketi nikiutazama mlango.

"Bado kidogo," nikasema, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.