Neno Lililomchukua Mdogo Wangu

Bwana Afya, Mzungu niliyekuwa mkalimani wake, alikuwa na neno moja la Kiingereza kwa kila asichokielewa: weird. Fenesi ni weird. Papa mkavu, weird. Mtu kutema mate akisikia habari mbaya, weird. Nilicheka naye, nikalitumia hata nyumbani, maana nilijiona msomi.

Siku moja ukaguzi wa mitungi ya maji ukaangukia mtaa wa mdogo wangu wa kike, kule Temeke. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliopita, naye yuko eda: nguo nyeupe, nyuma ya pazia, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Mkwewe alikuwa ameenda kisimani. Bwana Afya akaita, akafoka, mwishowe akafunua pazia. Mdogo wangu akageukia ukutani, kimya.

"Ana nini huyu?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Jibu lilikuwa fupi tu: amefiwa, na ni ndugu yangu. Lakini juma lile lile nilikuwa nimejigamba kwake kwamba sisi watu wa mjini mila tumeziacha. Nikaona haya. Nikasema, "Sijui, bwana." Akaandika lile neno kwenye daftari lake, nami nikaliona.

Siku ya tatu askari walimchukua kwenda hospitali ya vichaa kupimwa akili. Eda ikavunjika. Alikaa huko miezi, kichwa wazi mbele ya wanaume, na aliporudi alikuwa mifupa mitupu.

Baadaye nilinunua kamusi kuukuu. Ikasema hapo kale Waingereza hawakulitumia neno hilo kwa vioja. Lilimaanisha majaliwa, yale mtu aliyopangiwa. Hata majirani, wasiojua nililojibu, walinipoza hivyo hivyo: kadari ya Mungu, usijilaumu. Nikaifunga kamusi. Mwenye kuandika namjua, na mwenye kunyamaza namjua zaidi. Nimekata tamaa ya kusamehewa, maana hata kuomba msamaha sijathubutu.

Mdogo wangu hajui. Juzi alikuwa akipepeta mchele, akanisimulia mwenyewe.

"Yule Mzungu alipofunua pazia roho iliniruka, kaka. Kisha nikaisikia sauti yako. Mlikuwa mkisema Kizungu, mie sielewi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kaka yupo, ashamwambia."