Bibi Aliyewasha Taa Kabla ya Mgeni Rasmi

“Kwani kusalimia ni kosa?” bibi alimuuliza mlinzi, na uwanja mzima tukageuka.

Ilikuwa Jumamosi jioni, tamasha la taa la kampuni moja ya sabuni hapa Songea. Ukuta wa balbu za rangi ulikuwa unawashwa kwa sauti ya makofi, na makofi ya kwanza yalitengwa kwa mgeni rasmi. Alipoingia tu, bibi mmoja kutoka kijiji cha Mpitimbi akapiga goti na kumpigia makofi taratibu, kama wakubwa wanavyoamkiwa kwetu. Ukuta wote ukawaka!

Mlinzi akamshika mkono. “Bibi, umeharibu uzinduzi. Toka!”

“Niache nizione taa basi, mjukuu wangu. Nimetembea tangu asubuhi.”

“Toka, nimesema!”

Mgeni rasmi akatazama viatu vyake. Sisi wanachuo, hodari wa midahalo, tukatazama taa. Bibi akatolewa, ukuta ukazimwa, mgeni akapiga makofi yake, nasi tukashangilia uzinduzi wa kitu kilichokwisha kuzinduliwa.

Tunaambiwa soko huria, lile la kampuni kama hii ya sabuni, lina nafasi ya kila mtu. Ndugu mwandaaji wa tamasha, taa zako bado zipo uwanjani. Tafadhali, mpelekee bibi gari, aje azione.