Folkert na Kopi Aliyoiacha Enno

Folkert Ubben hana ugomvi na mtu, lakini mwambie kazi yake mbovu uone. Hapo umekanyaga mkia wa paka. Ana miaka sitini na moja, mikono kama koleo, na kazi yake ni kufungua na kufunga mlango wa maji wa bandari ya Emden, Ujerumani, meli zikipita. Akitoka zamu anavua buti, anateleka maji ya chai, anakaa mbele ya kompyuta.

Na kompyuta yake haiendeshwi na ule mfumo unaouzwa madukani. Inaendeshwa na Watika, mfumo wa bure wa ukoo wa ule mfumo mkongwe, Unix, unaotunzwa na watu kama sabini hivi dunia nzima. Wote wabishi. Wanajuana kwa majina na kwa matusi.

Mwaka ule Folkert alijipa kazi moja tu: kuihamishia Watika lugha ya programu inayoitwa Lumme. Usidhani ni kama kuhamisha kabati, unabeba unaweka. Kuna kitu kinaitwa kompaila, ndicho kinachogeuza maandishi ya mtu yawe programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Sasa kompaila ya Lumme imeandikwa kwa Lumme hiyohiyo. Yaani ili uipate, sharti uwe nayo. Kuku na yai, bwana. Dawa yake ni mbegu: unatengeneza kakopi kadogo kwenye mfumo mwingine, unakabeba, unakapanda Watika, halafu kanajijenga kenyewe mpaka kanakuwa kompaila kamili. Kakikubali.

Alijitesa hivyo kwa sababu ya Enno Wilts. Walikuwa marafiki tangu ujana. Kila Jumanne Enno alikuja kwa Folkert, wakanywa chai vikombe vitatu vitatu kama desturi, wakagombania kompyuta moja. Mwaka juzi moyo wa Enno ukasimama. Akaacha mjane, Gesine, na akaacha programu aliyoiandika kwa Lumme, ile inayolinda mashamba ya kijijini kwao. Nchi yenyewe iko chini kuliko bahari. Bahari ikishuka, programu inafungua mlango kwenye tuta la kuzuia bahari, maji ya mvua yanatoka. Bahari ikipanda, inafunga.

Ila programu ya Enno ina mdomo. Inaandika kwenye kioo: "Amkeni wavivu, bahari imeshuka." Siku ya mvua kubwa: "Leo mbingu zimetukojolea, fungua yote." Wazee wa chama kinachotunza tuta hilo wanaisoma wanacheka mpaka wanakohoa.

Sasa chama kilinunua kompyuta mpya, zote za Watika, na kina sheria: hakuna programu ya kutoka mfukoni kwa mtu. Kila kitu kitoke kwenye ghala rasmi la Watika. Lumme haikuwemo. Na ghala lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita mchana kwa ajili ya toleo jipya. Ukichelewa, subiri nusu mwaka. Jumamosi chama kinakaa kikao. Lumme isipokuwemo, wanachukua programu ya dukani yenye taa ya kijani na taa nyekundu, basi.

Gesine alimpigia Folkert simu. "Nguo zake nimegawa. Baiskeli nimegawa. Lakini ule mdomo wake, Folkert, usiwaache wauzime."

"Hauzimwi," Folkert akasema. Akaahidi, mtu mzima na mvi zake.

Jumatano akaituma kazi. Kwa watu wa Watika hakuna mtu anayeingiza kazi yake mwenyewe ghalani. Lazima mwenzako aichukue, aijenge kwenye mashine tupu, halafu aandike neno moja: sawa. Bila hilo neno hata uwe nani, unakaa nje. Kazi ya Folkert ikamwangukia Okka Meints, mwanamke fundi baiskeli wa mji wa Leer, miaka ishirini na tisa, ulimi wembe.

Alhamisi mchana Okka akagonga mlango, kompyuta kwapani.

"Nimechoka kukutukana kwa maandishi," akasema. "Nimekuja nikutukane uso kwa uso."

"Moin na wewe," Folkert akamsalimu kwa salamu ya kwao. " Kaa. Maji ya chai yako motoni."

"Chai baadaye. Kitu chako hakijengeki, mzee."

"Kwangu kimejengeka mara thelathini!"

"Kwangu kinajenga faili moja, kinalisahau, kinalijenga tena. Toka asubuhi! Kama mlevi anayetafuta funguo mfukoni."

"Basi mashine yako mbovu."

"Mashine yangu tupu. Yako je?"

"Nimeifagia mwenyewe!" Folkert akapiga meza, kijiko kikaruka. "Nilikuwa najenga vitu hivi wewe hujui hata kufunga kamba za viatu!"

"Na mimi sasa nafunga kamba, wewe hujui kufagia. Sogea."

Akamsukuma kwa kiuno kama dada anavyomsukuma kaka, akaandika amri moja fupi, ya kuuliza kompaila inayotumika humu imetoka wapi. Jibu likaja. Haikuwa ile mbegu ya Folkert. Ilikuwa kopi ya zamani, imewekwa miaka miwili nyuma, mwezi wa tatu, siku ya Jumanne. Na jina la mwenyewe limeandikwa pembeni: enno.

Birika likalia jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Ulikuwa hujui?" Okka akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuniambia. Mbwa yule. Hakuniambia."

Mambo yakawa wazi. Enno alishaanza kuihamisha Lumme, pale pale, kwenye mashine ya Folkert, kati ya kikombe cha kwanza na cha tatu. Na maelekezo ya kujenga yanasema hivi: ukikuta kompaila ndani ya nyumba, itumie, usipoikuta, ndipo uchukue mbegu. Kwa hiyo mara zote thelathini mbegu ya Folkert ilikaa kando haijaguswa, na kila kompaila aliyojivunia ilikuwa imechota vipande kwenye kopi ya marehemu.

"Hukupika chai, mzee," Okka akasema polepole. "Umemwagia maji juu ya majani ya mtu mwingine."

Folkert aliwaza ahadi aliyompa Gesine, na kesho saa sita ghala linafungwa.

"Lakini ya kwake ilifanya kazi," Okka akaendelea. "Yaani kuna kitu alikirekebisha ambacho wewe hujakirekebisha. Ana folda lake humu?"

Lilikuwepo. Folkert alikuwa hajalifungua tangu mazishi. Kwake lilikuwa kama droo ya marehemu, huingizi mkono. Alihama mashine mara moja katikati, akabeba kila kitu kilivyo, na folda hilo vilevile limefungwa.

"Fungua wewe," akamwambia Okka.

"Sifungui. Hakuwa rafiki yangu."

Basi akalifungua. Risiti za mbegu za maua, picha ya Gesine amekasirika, na faili moja la maandishi, mistari minne tu. Watika huandika saa ya faili kwenye nafasi pana mara mbili kuliko mifumo mingine. Lumme ilikuwa inasoma nusu, ndiyo maana ikaona kila faili limepitwa na wakati, ijenge tena na tena. Mistari minne ya Enno inasoma nafasi yote. Juu yake ameandika: "Folkert ataligundua hili baada ya miaka mitatu. Nimwambie Jumanne."

Folkert akacheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akaenda jikoni kushughulika na birika ambalo lilishanyamaza zamani. Okka akatazama dirishani mpaka aliporudi.

"Miaka miwili," Folkert akasema, anapangusa pua. "Mwambie mwongo yule, miaka miwili tu."

Akaitia ile mistari kwenye mbegu. Kisha akafanya lililomuuma: akaifuta ile kopi ya zamani, mashine ibaki tupu kweli. Folda akaliacha. Akajenga upya kwa mbegu peke yake, na usiku huohuo akamtumia Okka tena.

Ijumaa saa tano kasorobo, ujumbe wa Okka ukaingia: "Sawa. Na ufagio ununue." Dakika kumi baadaye Lumme ilikuwa ghalani. Kwenye daftari la mabadiliko, mstari wa kwanza, Folkert aliandika: mistari minne ni ya Enno Wilts, iliyobaki ni ubishi wangu.

Jumamosi chama kikakaa kibandani kwenye tuta, Gesine mbele na chupa ya chai. Mashine mpya ikawashwa. Bahari ilikuwa inashuka taratibu, wazee wanachungulia kioo cheusi, mwenyekiti anatazama saa.

Mlango ukaguna, ukafunguka. Kioo kikaandika: "Amkeni wavivu, bahari imeshuka."

"Hata kufa hakujamfunza adabu," Gesine akasema. Akammiminia Folkert kikombe cha tatu.