Lugha Iliyokwisha Muda Wake

Simu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kona ya dirisha, kwa sababu pale nyumbani kwao Mapera mtandao ulikamata hapo tu, na hata hapo ulikamata ulipojisikia. Ottilia alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kabati tangu walipomaliza kula ugali, macho juu, kama paka aliyemwona mjusi.

"Mama, nenda kalale," binti yake Aurelia alimwambia. "Huko kwao sasa hivi ni mchana. Wanaweza kujibu hata saa nane ya usiku."

"Watu gani hao wanafanya kazi saa nane ya usiku?"

"Saa nane yetu, mama. Kwao ni jioni."

"Haya. Mimi nimekaa tu. Usingizi hauna haraka."

Alikuwa hajaelewa, na kwa kweli tangu jambo hili lianze kulikuwa na mengi ambayo hakuyaelewa. Alielewa moja, nalo lilitosha kumnyima usingizi: kulikuwa na chuo huko Kanada, kilichoanzishwa na masista, ambako masomo yote ni kwa Kifaransa, na masista hao walikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa msichana kutoka Afrika. Nafasi hiyo walikuwa wamemwekea Aurelia akasomee uuguzi. Lakini wasingeishikilia zaidi ya Ijumaa. Baada ya Ijumaa ilikuwa inakwenda kwa mwingine.

Ottilia alizaliwa Mapera, akamaliza darasa la saba Mapera, akaolewa na mwanamume wa ziwani, Alphonce wa Liuli, ambaye aliendelea kuanika dagaa huko kwao na kupanda mlimani mara mbili kwa mwezi. Mkewe alibaki na kahawa, mahindi na watoto, wa kwanza wao Scholastica. Alikuwa mwanamke wa kutazama kuliko kusema. Sokoni alijua bei imeshuka kwa kumwangalia muuzaji anavyofunga gunia. Watoto wake walijua kwamba mama haulizi umetoka wapi, huangalia viatu.

Lakini karatasi hazina viatu. Aurelia alikuwa amefundishwa Kifaransa na sista mmoja wa Kongo katika shule ya bweni, mpaka kidato cha sita. Akaenda Dar es Salaam, akafanya mtihani wa lugha, akarudi na cheti chenye mhuri unaong'aa. Ottilia akadhani mambo yamekwisha. Kumbe cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, na vyeti vya shule vilikuwa na jina la baba, na chuo kilitaka vyote vimtaje mtu mmoja. Nenda ofisi hii, rudi kesho, bwana mkubwa yuko safarini, leta kiapo, kiapo hiki si chenyewe. Mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Siku majina yalipokubaliana, chuo kikaandika: cheti cha lugha kinatumika miaka miwili tu, chako kimepita kwa miezi minne.

"Kimepitaje?" Ottilia aliuliza siku ile. "Lugha ni dawa ya kikohozi, iandikwe tarehe ya mwisho? Mimi Kimatengo nilikinyonya kwenye titi la mama yangu, mbona hakijaharibika?"

Alilipeleka swali hilo kwa Methodi, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo. Methodi alikuna kidevu, akasema, "Labda Kifaransa ni chepesi kuchacha, Mama Scholastica."

"Usinichekeshe. Niandikie barua."

"Barua ya nini?"

"Kwamba mtoto anajua Kifaransa."

Hapo Ottilia alikuwa kwenye njia anayoijua. Mapera mtu huthibitishwa kwa barua. Ukioa, barua ya jumuiya. Ukipeleka mtoto seminari, barua ya jumuiya. Ukihamia kijiji kingine, utapokelewa na watu wasiokujua kwa sababu ya mistari mitano ya mwenyekiti na mhuri wa paroko. Kwa nini lugha iwe tofauti?

"Lakini mimi Kifaransa sikijui," Methodi alisema. "Nitajuaje kama anakijua?"

"Krismasi hukumsikia akiongea na yule padri mgeni?"

"Nilimsikia."

"Padri alimjibu, hakumjibu?"

"Alimjibu. Na alicheka."

"Basi andika ulichokiona."

Methodi aliandika alichokiona, paroko akagonga mhuri, na Aurelia, kwa kumheshimu mama yake, akaipiga picha barua ile na kuituma pamoja na maombi yake mwenyewe: kwamba kwa kuwa muda wa kurudia mtihani haupo, chuo kikubali kumsikiliza kwa mdomo, kwenye kompyuta. Jibu la maombi hayo ndilo lililokuwa likisubiriwa chini ya kabati.

Lilikuja saa sita na dakika chache. Simu ilinguruma juu ya mbao, mama yake akamwachia kigoda, Aurelia akapanda, akasoma huku midomo ikicheza, kisha akamkumbatia mama yake karibu waanguke wote.

"Wamekubali!"

"Wamekupokea?"

"Wamekubali kunisikiliza. Alhamisi, saa kumi jioni."

"Kwa hiyo hawajakupokea."

"Bado, mama."

"Sasa tunashangilia nini?"

"Tunashangilia kwamba hawajakataa."

Ottilia alikwenda kulala akilipima jambo hilo. Hawajakubali, hawajakataa, wamekubali kusikiliza. Kama angekuwa mchumba anayejibu hivyo, wazee wangekwisha kudai barua yao ya posa irudi.

Alhamisi waliteremka Mbinga mjini mapema mno, kwa sababu Ottilia hakuiamini saa kumi ya watu ambao mchana wao ni usiku. Mtandao wa uhakika ulikuwa dukani kwa Nurdini, muuza vifaa vya ofisi na mpiga chapa, mtu mpole mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, ambaye ukoo wake ulitoka Kilwa enzi za babu. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea karatasi, chenye meza, kompyuta na mlango wa mbao. Nurdini alikifagia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," Aurelia alimwamkia.

"Marahaba, daktari wangu. Ingia. Humu hata nzi haingii bila hodi."

"Atakuwa muuguzi, si daktari," Ottilia alisahihisha. "Na bado hawajakubali. Wala hawajakataa."

Saa kumi kasoro dakika tano Aurelia aliingia, akafunga mlango. Ottilia alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Somoe, mke wa Nurdini, alimletea chai ya tangawizi, naye akaishika bila kuinywa.

Sauti zilianza. Moja ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo. Nyingine ilikuwa ya mtoto wake, lakini haikuwa ya mtoto wake. Ilitoka puani zaidi na ilikwenda mbio. Ottilia hakujua neno hata moja, kwa hiyo alisikiliza anachokijua. Yule mwanamke akiuliza, Aurelia anajibu papo hapo. Vizuri. Anauliza tena, anajibu. Vizuri. Kisha likaja swali refu, na baada yake kimya. Ottilia akashika mkoba kwa mikono miwili.

Viatu vya Aurelia vikasikika vikija mlangoni. Mlango ukafunguka upana wa uso.

"Mama, njoo ndani. Nieleze jinsi mnavyolima mashimo ya ngolo kule mlimani, kuanzia mwanzo."

Ottilia alimtazama mtoto wake, akatazama nyuma ya bega lake. Kwenye kioo cha kompyuta aliwaona wanawake wawili wenye miwani, wamekaa, wanatazama moja kwa moja upande wake.

Kabla hajafikiri alikuwa amesimama, ameusukuma uso wa Aurelia ndani kwa kiganja, ameuvuta mlango na kukishika kitasa kwa nguvu zote.

"Mama!" Aurelia alisema kutoka ndani, akivuta.

"Jibu mwenyewe!" Ottilia alinong'ona kwenye ufa wa mlango. "Wanakuona!"

"Mama, fungua!"

"Sijasema kitu! Waambie mama yako hajasema kitu!"

Nurdini alitoka nyuma ya kaunta. "Mama Scholastica, kuna nini?"

"Amekwama swali, anataka nimpe jibu. Mbele ya wasimamizi! Watamfutia!"

Watu wa Mbinga hawakuhitaji maelezo zaidi, kwa maana nani asiyejua maana ya kufutiwa? Scholastica, binti wa kwanza wa Ottilia, alifutiwa matokeo ya kidato cha nne pamoja na darasa lake zima, kwa sababu ya karatasi iliyookotwa chini ya dawati ambalo hata halikuwa lake. Leo anauza nyanya sokoni huko Tingi na hataki kusikia neno mtihani. Ottilia hakuwepo siku ile kuushika mlango. Leo yupo.

"Mama, nisikilize," Aurelia alisema, sasa kwa sauti ya chini, karibu kabisa na mbao. "Si wizi. Wao ndio wamesema nikuite."

"Kila aliyeiba mtihani alisema ameruhusiwa."

"Wameuliza kama kuna mtu hapa asiyejua Kifaransa kabisa. Nikasema mama yangu. Wakasema aje aeleze kazi anayoijua, nami niwatafsirie. Hospitalini ndiyo kazi yenyewe, mgonjwa anasema, wewe unafikisha. Mama, mtihani wenyewe ni wewe."

Ottilia alizidi kukikaza kitasa. Mtihani gani huo ambao jibu linakaa kwa mtu wa darasa la saba? Na wakimkuta hajui? Hapo kosa litakuwa la nani?

Somoe alikuja akasimama kando yake. "We dada, hao wazungu wanasubiri au wameondoka?"

"Sijui."

"Wangekuwa wamekasirika wangeondoka. Dakika zinakwenda. Wamempa muda gani?"

"Nusu saa."

Nurdini alitazama saa ya ukutani. "Zimebaki kumi na mbili. Mama Scholastica, sitakuingilia. Lakini mlango huo ni wangu, na kitasa chake ni kibovu. Ukiendelea kuvuta hivyo, kitatoka, na hapo hataingia mtu wala hatatoka mtu mpaka nimlete fundi."

Sijui ni kitasa, ni dakika, au ni pumzi za Aurelia aliyekuwa sasa haongei tena, ila akipumua tu upande wa pili. Mtoto aliyekosa jibu hupumua haraka. Ottilia alimjua tangu utotoni. Huyu alikuwa akipumua polepole, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuvaa.

Akaachia.

Ndani alisimama mbele ya wale wanawake wawili, hajui mikono aiweke wapi. Mmoja alisema kitu. "Anakusalimia," Aurelia alisema, "na anaomba radhi kwa kukutisha."

"Mwambie hajanitisha. Nimejitisha mwenyewe."

Aurelia akasema, na mwenye nywele nyeupe akacheka kwa mabega.

Basi Ottilia akaeleza. Alianza vibaya, kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani, kisha mikono ikamkumbuka. Kwanza mume anafyeka majani mlimani, anayalaza mistari inayokatana, mpaka shamba linakuwa vyumba vyumba. Kisha mke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila chumba na kuurusha udongo juu ya majani, pande zote nne. Katikati panabaki shimo, ukingoni panabaki tuta. Maharage yanapandwa tutani. Mvua ikija na hasira, inaingia shimoni na kulala humo, haiteremki na shamba lako kwa jirani.

Alikuwa akimtazama Aurelia muda wote. Mahali pamoja, kwenye majani yanayooza chini ya tuta, Aurelia alisita, akarudi nyuma, akazunguka kwa maneno mengine. Ottilia aliona kusita huko kama anavyoona jiwe kwenye maharage.

"Wewe umesema kwa kifupi," alimwambia. "Mimi nimesema mengi zaidi."

Aurelia, bila kugeuka, akatafsiri na hilo pia. Wote wawili kwenye kioo wakainamisha vichwa, wakaandika.

Kisha wakaombwa watoke ili wao wazungumze. Baada ya dakika chache kengele ya kompyuta ikalia, na Aurelia akarudi peke yake. Mlango ukafungwa.

Safari hii hakukuwa na sauti ya kusikiliza. Waliongea chini mno. Chai ilikuwa imepoa. Simu ya Ottilia ikatetemeka mkobani: Alphonce, kutoka Liuli.

"Wamesemaje?"

"Wameniuliza mimi."

"Wewe? Wamekuuliza nini?"

"Ngolo."

"Si ulisema ni chuo cha Kifaransa?"

"Ndicho."

"Na wamemkubali?"

"Usinichanganye, Baba Scholastica. Nimechanganyikiwa vya kutosha. Subiri."

Hakukata simu. Aliishika kifuani, mumewe akiwa bado ndani yake, akasimama mbele ya mlango na mkono wa pili umelegea kando. Kitasa kikazunguka nusu, kikakwama, kikazunguka tena. Nurdini akapiga hatua kusaidia, Somoe akamshika shati.

Mlango ukafunguka. Aurelia alikuwa amelowa machozi uso mzima.

"Lugha imepita," alisema. "Barua ya kupokelewa inakuja leo usiku. Wameniwekea darasa la nyongeza miezi mitatu, halafu naanza."

"Umepokelewa, au umepokelewa kusikilizwa?"

"Nimepokelewa, mama."

Ottilia akaitoa simu kifuani. "Alphonce," alisema, "umesikia?"