Maharage Yaliyoepuliwa Mapema

Asubuhi ile, nyumbani Talatala, Kyela, mama aliteleka maharage mekundu aliyokuwa ameyaloweka tangu jana yake. Yalipoanza kutokota alinipa ufagio.

"Anzia mlangoni, uishie kwenye migomba. Ukimaliza niite."

Nilifagia uwanja wote. Ndipo akaepua sufuria, akaiweka kwenye tenga lenye majani makavu ya migomba, akaifunika kwa blanketi kuukuu, tukaenda kupalilia mpunga. Mchana tulikuta maharage laini, bado ya moto, na kuni za kupikia wali zimebaki. Hakuwahi kuniambia kwa nini nifagie kwanza. Nami sikuuliza.

Baba alikuwa ameshafariki. Mwaka uliofuata mama naye akafariki, nikaacha shule darasa la sita. Mjomba, aliyekuwa akiuza mchele ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, akatuchukua wote watatu: mimi na wadogo zangu, Tusajigwe, na Gwakisa wa miaka mitatu. Mpishi nilikuwa mimi. Mjomba alinicheka: "Kaka mtu, wewe ukioa, mkeo atakaa bure!"

Kisha wenye silaha wakaja. Mjomba alitoka kutafuta gari, hakurudi. Sisi tulijificha kwenye mikorosho pamoja na jirani yetu, Mama Zaina. Nilikuwa na sufuria, kiberiti, maharage na koti la mjomba.

Siku ya tatu Gwakisa aliacha kulia njaa, na hilo lilinitisha zaidi. Asubuhi niliwasha moto mdogo. Maharage yakaanza kutoa mapovu.

"Zima!" Mama Zaina alinong'ona. "Moshi unapita juu ya miti. Unataka watuchinje?"

Nilizima.

Nilijua muda haujatosha. Niliizungushia sufuria koti la mjomba na majani, nikaifukia shimoni.

Wakapita. Watano.

Nilisikia mmoja akitema mate.

Hawakutuona. Nilijiona hodari. Mchana nilifukua sufuria. Maharage yalikuwa vuguvugu, laini kwa juu, magumu ndani.

"Kaka, hayajaiva haya," Tusajigwe alisema.

"Kula."

Mama Zaina alikataa, akatafuna muhogo wake mkavu. Gwakisa alikula kuliko sote, kwa sababu nilimwongezea.

Jua halijainama tukaanza kutapika. Matapishi yalikuwa kwenye koti, kwenye nywele za Tusajigwe, kwenye viganja vyangu. Harufu ile ya maharage yaliyochacha hainitoki puani hadi leo. Maji yetu yalikuwa ya dimbwi walimojisaidia mbuzi. Gwakisa alitapika mpaka hakikubaki cha kutapika.

Asubuhi alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu.

Nilichimba kwa mfuniko wa sufuria. Maharage yaliyobaki niliyaacha njiani makusudi, nikitamani wale watu wayakute na wayale yote. Bado natamani, na ninajichukia kwa hilo.

Tulipovuka kurudi upande wetu, muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba maharage mekundu yasipochemka sana yana sumu, na moto wa vuguvugu hauiondoi. Hapo nikauelewa ufagio wa mama: ndio uliokuwa saa yake ya kupimia mchemko.

Sasa mkaa na kuni ni shida, na majirani huja kwangu kujifunza kupika kwa tenga. Hunishukuru, "Ndaga, ndaga." Wanaojua habari zetu huniambia vita ndiyo iliyomuua mdogo wangu. Ni kweli, wale watu walituletea njaa na woga. Lakini risasi haikumgusa. Kijiko cha mwisho alikipokea mkononi mwangu. Mambo hayo mawili nimeyabeba miaka yote, na hakuna linalolipunguzia lingine uzito.

Tusajigwe hupita kwangu na wanawe akitoka sokoni Kyela. Yeye maharage hali tena. Akiliona tenga huziba pua.

"Kaka, umefagia?"

"Mpaka kwenye migomba."

Hutoka, akautazama uwanja kuanzia mlangoni hadi kwenye migomba. Ndipo huwaita watoto wake waje kula.