Baiskeli Nyembamba ya Vicent

Mtu akiniambia dhahabu ya Nyamongo ilitajirisha watu, namwambia mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Kerende miaka ile, na nilichokiona ni Vicent Kisyeri.

Vicent alizaliwa Nyansurura, kwenye boma lenye ng'ombe wengi ambao hata mmoja hakuwa wake. Akiwa bado kijana, kiwanda kimoja cha Mwanza kilimpa mshahara kwa kazi moja tu: kukimbiza baiskeli. Alishindana barabarani hadi Shinyanga na kurudi. Alishindana pia uwanjani, kuzunguka na kuzunguka mpaka watazamaji wakashikwa na kizunguzungu. Redio ikamtaja jina. Kiwanda kilipoyumba walimwachia baiskeli iwe ndiyo kiinua mgongo chake, akarudi nayo nyumbani wakati dunia nzima inakimbilia Nyamongo.

Siku alipoileta kwangu niliosha mikono kabla ya kuishika. Tairi nyembamba kama kidole, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Nilizungusha gurudumu, halikutoa hata mlio. Chama cha baiskeli kilikuwa kimemwambia ajiandae, maana mwezi wa nane kungekuwa na mbio za kuchagua timu ya taifa pale Mwanza, na kila mtu aje na baiskeli yake. Basi kila asubuhi akawa anapanda milima ya kwenda Tarime, nami namkazia spoku.

Milima haikumshinda. Kilichomshinda ni kikao cha ukoo. Kwao mwanamume asiye na ng'ombe hana neno mbele ya wazee, na yeye alikuwa na mke, Ghati, na medali basi. Kaka yake mkubwa, Nyangwine, alimwonyesha mahali pa kukaa, mlangoni, pamoja na vijana ambao hawajaoa.

"Mura, we kijana, hiyo baiskeli yako inakamuliwa?" akamuuliza, na boma zima likacheka.

Hapo ndipo Vicent alipofanya jambo linalonikera mpaka leo. Alimpa mchimbaji mmoja, Matiko, baiskeli ile, akapewa hisa katika duara lake, yaani shimo la dhahabu. Walikubaliana kwamba mawe yakitoa dhahabu, Vicent atanunua ng'ombe na kuikomboa baiskeli kabla ya mwezi wa nane. Ghati alimsihi akashindane kwanza. Nami nilimsihi. Akatujibu kwamba hawezi kwenda kuwakilisha nchi nzima wakati kwao anakaa mlangoni.

Masika yakajaza duara maji, kuta zikaporomoka. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani. Matiko akahamia shimo jingine, na baiskeli ikabaki kuwa mali yake.

Mwezi wa saba nikamwona Vicent anakuja kibandani anaikokota. Nilifurahi kama mtoto, nikajua ameikomboa. Nikamuuliza nianze na gurudumu lipi. Hakunitazama.

"Matiko anataka uichomelee keria ya chuma, fundi. Na uweke tairi nene. Ni ya kubebea mawe."

"Na nani atayabeba?"

"Mimi. Amenipa kazi."

Nilipandwa na hasira. Nikamtukana Matiko, nikamtukana Nyangwine na ng'ombe wake wote. Vicent alisubiri nimalize, kisha akaniomba kitu kimoja tu, usukani niuache ulivyo. Nikauacha. Keria niliichomelea mwenyewe, moyo unaniuma.

Mwezi wa nane wenzake walishindana Mwanza bila yeye. Kutoka maduarani hadi kwenye mashine za kusaga mawe ni mwinuko mtupu, na baiskeli yenye magunia ya mawe haiendeshwi. Inakokotwa, mkono mmoja kwenye tandiko, mwingine kwenye usukani. Kwa miaka mingi nilimwona Vicent akipita mbele ya kibanda changu, ameshika pembe zile. Wabeba mawe wengine wakishamwaga mzigo hupanda na kuteremka mbio, wakipiga kengele na kucheka. Vicent alikuwa akirudi na baiskeli tupu, mteremko wote, anatembea kando yake.